Hela ya Mjerumani si chuma chakavu

Wadau, leo siongelei siasa wala bei ya mafuta. Naongelea hela. Si ile ya kutumia, ile ya kutunza.

Kuna biashara inaendelea kimyakimya huku kwetu Ushirombo na naona wote tunaibariki kwa kunyamaza. Kila baada ya muda wanapita vijana wa pikipiki, begi mgongoni, na ndani ya begi kuna mzani mdogo wa kielektroniki, ule ule wa kupimia dhahabu. Wanaulizia vitu vya zamani: pasi za mkaa, cherehani, redio za mbao. Wakishazoeana na wenye nyumba, sauti inashuka: "Hivi bibi hana rupia za Mjerumani?" Bibi anazo. Bibi huwa anazo. Ziko kwenye kitambaa, chini ya sanduku, pamoja na cheti cha ubatizo na picha ya marehemu.

Mama mmoja wa kijiji jirani alinisimulia alivyouza nne alizoachiwa na bibi yake. Alipewa shilingi elfu ishirini kwa zote. Akashukuru, maana siku ile alihitaji chumvi na daftari za watoto. Sasa twende na hesabu kidogo. Rupia moja ya Mjerumani ina uzito wa gramu 11.66, na karibu asilimia 92 ya uzito huo ni fedha. Kwa nne unapata zaidi ya gramu 42 za fedha safi. Yaani hata kwa sonara wa kuyeyusha tu, yule mama alipunjwa. Bado hatujafika kwa mtu anayeitaka rupia kama rupia.

Na hapa Ushirombo punje hiyo inauma zaidi, maana hatuna kisingizio cha kutojua mizani. Ukanda huu hata muuza nyanya anajua gramu na pointi. Mtoto wa darasa la sita anaweza kukwambia dhahabu imepanda au imeshuka. Lakini mtu huyo huyo ukimwonyesha sarafu ya mwaka 1905 atakuuliza swali moja tu: "Inalipa?"

Kwa msomaji wa mbali: Ushirombo ni makao makuu ya wilaya ya Bukombe, ipo kwenye lami inayotoka Kahama kuelekea Biharamulo na mpaka wa Rwanda. Mpaka mwaka 2012 tulikuwa mkoa wa Shinyanga, tangu hapo tuko Geita. Watu wakisikia jina wanafikiria machimbo na malori ya kwenda Kigali. Wachache wanajua kwamba misheni ya Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita White Fathers, ilifunguliwa hapa mwaka 1891, mapema kuliko miji mingi inayojivunia ukongwe leo.

Na kabla ya padri kulikuwa na safari. Wasumbwa, wenyeji wa hapa, katika karne ya 19 walikuwa wanatembea mpaka Katanga kufuata shaba. Mmoja wao, Msiri, hakurudi. Alibaki huko akajenga himaya ya Wayeke, akaitawala mpaka alipouawa na watu wa mfalme Leopold wa Ubelgiji mnamo Desemba 1891. Shaba ya huko ilitembea kama pesa, ikiwa imefuliwa kwa umbo la msalaba. Huku kwetu jembe la chuma nalo lilikuwa mali inayohesabika, watu waliolea kwa majembe. Kwa hiyo asije mtu akatuambia kwamba sisi fedha tulifundishwa na Mzungu. Tulichofundishwa ni kodi.

Hilo neno kodi ndilo linaeleza sarafu hizi zilifikaje chini ya sanduku la bibi. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa sarafu zake mwaka 1890: pesa za shaba zenye maandishi ya Kiarabu upande mmoja, na rupia za fedha zenye sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili, kichwani kavaa kofia ya chuma yenye tai. Wakati huo pesa 64 zilikuwa rupia moja, kwa mfano wa India. Mwaka 1898 ikaanza kodi ya nyumba, rupia tatu kwa kibanda cha kijijini. Rupia hazioti shambani. Ili uzipate ilibidi ukabebe mizigo, ukafanye kazi kwenye mashamba ya wakoloni, au uuze mazao kwa bei uliyopangiwa. Kila rupia iliyopo Bukombe leo, kuna mtu aliyeitolea jasho. Babu zetu wengine waliificha moja au mbili ili akiba ya kodi isikosekane mwaka mbaya, na mwaka mbaya ulipokuja mtawala akawa kaondoka, rupia ikabaki.

Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ikachukua mambo ya fedha kutoka kwa kampuni, ikafuta hesabu ya 64, ikaweka heller 100 kwa rupia moja. Heller! Ndiyo hiyo hiyo hela unayolia kila mwisho wa mwezi kwamba huna. Mjerumani aliondoka zaidi ya miaka mia moja iliyopita, lakini neno lake linatamkwa kila dakika kwenye daladala. Na daladala lenyewe? Linatokana na dala, sarafu ya shilingi tano. Pesa ni ya Kihindi. Shilingi na senti tulipewa na Mwingereza. Hata neno riale, ambalo wazee wa pwani wanalo mpaka leo, lina safari ndefu kuliko yote.

Hiyo riale naomba niikalie kidogo. Wazee wa Unguja katika karne ya 19 walikuwa na majina ya kutofautisha riale moja na nyingine, na mojawapo ilikuwa reale ya mzinga. Ilikuwa sarafu ya Kihispania yenye nguzo mbili upande mmoja, na kwa jicho la Mswahili zile nguzo zilikuwa mizinga. Fedha nyingi ya kutengenezea sarafu za Kihispania ilichimbwa Amerika ya Kusini, kwenye mlima mmoja wa Potosí, nchi ambayo leo tunaiita Bolivia. Kiwanda cha kufua sarafu kilianzishwa Potosí katika miaka ya 1570. Wenyeji wa milimani waliingizwa mashimoni kwa lazima, kwa zamu, na wengi hawakutoka. Fedha yao ikazunguka dunia nzima, mpaka Mswahili akaipa jina.

Kwa nini nawapeleka mbali hivyo? Kwa sababu Potosí ni mji wa machimbo kama sisi. Utajiri ulipita, ukaenda Hispania na kwingineko. Lakini lile jengo kubwa la kufulia sarafu lililojengwa katika karne ya 18 lipo mpaka leo, na ni makumbusho ya taifa. Mtoto wa mchimbaji wa Potosí anaweza kuingia akaona kwa macho yake mali ya mlima wao iligeuzwaje pesa, na kwa mitambo gani. Mtoto wa mchimbaji wa Geita anaenda wapi kuona kitu kama hicho?

Na kitu chenyewe tunacho. Nchi hii iliwahi kufua sarafu ya dhahabu kwa dhahabu yake yenyewe, na si wengi wanaoijua habari hiyo. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Waingereza walifunga njia ya bahari, Wajerumani wa huku wakakatika na kwao. Sarafu zikaadimika. Kwanza wakachapa noti za dharura, makaratasi ya ovyo ovyo, hapa hapa nchini. Kisha wakahamishia makao Tabora, na kwenye karakana ya reli wakaanza kufua sarafu wenyewe mwaka 1916: heller 5 na heller 20 za shaba na shaba ya njano, na ile kubwa kuliko zote, rupia 15 za dhahabu. Dhahabu ilitoka Sekenke, Iramba, mgodi wa zamani kabisa katika historia ya uchimbaji wa kisasa wa nchi hii. Upande mmoja ina tai wa Kijerumani, upande wa pili kuna tembo ameinua mkonga na nyuma yake mlima. Chini kuna herufi T. Hiyo T ni Tabora. Sarafu zilizofuliwa Berlin zina A na za Hamburg zina J, lakini hii ni T, ya kwetu, kutoka karakana ya reli ya kati.

Zilifuliwa zisizozidi elfu kumi na saba kabla Wabelgiji hawajaingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Uzito wake ni gramu 7.17 hivi, dhahabu yake ni asilimia 75, yaani karati 18. Kwenye minada ya Ulaya na Marekani moja iliyo katika hali nzuri inauzwa kwa maelfu ya dola, mara kadhaa ya thamani ya dhahabu iliyomo. Wakusanyaji wa huko wanaiita tembo wa Tabora, wanaijua kwa aina zake ndogo ndogo, wanagombana kwa sababu ya nakshi moja iliyokaa kushoto kidogo. Huku kwetu ningeingia nayo dukani kwa mnunuzi wa dhahabu, nadhani angeipiga nyundo ili ikae vizuri kwenye chungu cha kuyeyushia.

Najua mtakaloniambia. "Wewe mwandishi una mshahara, unawaambia watu wenye njaa watunze sarafu?" Swali la haki kabisa. Sisemi mtu asiuze. Mali ni yake, shida ni yake. Ninachosema ni kwamba auze akijua anauza nini, na kabla haijaondoka, habari yake ibaki.

Maana tuna balaa mbili huku, na zinalishana. Ya kwanza ni hiyo ya kupunjwa. Ya pili ni kinyume chake: uongo wa mamilioni. Kuna matapeli wanaozunguka wakisema ipo rupia fulani yenye nguvu, inavuta punje za mchele, inasimamisha saa, na kwamba kuna Mwarabu au Mzungu yuko hotelini Mwanza anaisubiri na sanduku la dola. Unachotakiwa ni kuchangia "gharama za vipimo". Utapeli wa sarafu inayovuta mchele unajulikana mpaka India, polisi wa kule wanakamata watu kila siku. Huku kwetu nimemwona kijana aliyeuza ng'ombe wawili wa baba yake kwa ajili ya sarafu ambayo kwenye katalogi ya wakusanyaji ni ya dola chache tu, kwa sababu heller moja zilifuliwa kwa mamilioni. Heller moja si utajiri, jamani. Haijawahi kuwa. Mwingine anachimba chini ya makaburi na kuta za boma la Mjerumani akitafuta masanduku, anabomoa ukuta uliosimama miaka mia na ishirini, anaondoka na udongo kwenye kucha.

Balaa zote mbili zinaota mahali pamoja, kwenye kutojua. Mwenye sarafu akijua kwamba hii ni ya kawaida na ile ni adimu, tapeli wa mchele hana pa kuanzia na kijana wa mzani hana pa kupunja. Na elimu yenyewe si ngumu. Tazama mwaka, tazama herufi ndogo, pima uzito. Mizani tunayo! Rupia 15 ya Tabora ikija na gramu tano, ni ya kughushi, na za kughushi zimejaa duniani.

Tena, kwa jina la Mungu, acheni kuzisugua. Nimeona mtu anasugua rupia ya 1890 kwa majivu na ndimu mpaka inang'aa kama kijiko cha harusi, akiamini anaipandisha bei. Mkusanyaji akiona mikwaruzo ile anaishusha nusu au anaiacha kabisa. Ule weusi ndio umri wake.

Serikali je? Tunayo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979. Ni sheria nzuri, lakini kwa vitu vinavyohamishika imeweka mstari kwenye mwaka 1863: kilichotengenezwa kabla ya hapo ndicho kinachohesabiwa moja kwa moja kuwa masalia ya kale. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zimo. Rupia ya 1890 imekosa kwa miaka 27, na tembo wa Tabora kwa zaidi ya hamsini. Mwaka 1964 mstari huo ulikuwa na maana, hela ya Mjerumani ilikuwa bado kitu cha juzi mifukoni mwa wazee. Leo wazee hao hawapo. Wakati huo huo dhahabu ya mchimbaji mdogo wa hapa, tangu masoko ya madini yalipoanzia Geita mwaka 2019, inapimwa na kuandikwa mpaka pointi ya mwisho. Kipande cha dhahabu kina karatasi, lakini sarafu yenye historia ya nchi inatoka wilayani ndani ya soksi.

Lakini mimi si mtu wa kusubiri bunge. Nitawapa mfano wa kitu ambacho mtu mmoja asiye na cheo anaweza kufanya. Mwaka 1944 askari mmoja wa jeshi la anga la Australia, Maurie Isenberg, aliyekuwa kwenye kituo cha rada visiwa vya Wessel kaskazini mwa nchi hiyo, aliokota sarafu tisa mchangani. Akaziweka kwenye kopo, akazisahau miaka mingi. Baadaye zilipochunguzwa, tano kati yake zilikuwa za Kilwa. Kilwa yetu! Sarafu ya Kusini mwa Tanzania kwenye mchanga wa Australia, zaidi ya kilomita elfu tisa kutoka nyumbani. Mpaka leo wataalamu wanabishana zilifikaje. Lakini ubishi huo usingekuwepo kabisa kama Isenberg hakuwa ameweka alama kwenye ramani kuonyesha alipoziokota. Mwaka 2013 watafiti walirudi kule wakiwa na alama yake mkononi. Bila ile alama, zingekuwa shaba tano kuukuu kwenye kopo.

Hiyo alama ndiyo ninayoidai hapa Bukombe. Vijana wetu wanaotembea na detekta kutafuta vipande vya dhahabu porini wanaokota sarafu pia. Wanajua kila kichuguu walichopita. Sarafu ikiokotwa kwenye njia ya zamani ya msafara inasema kitu kimoja, ikiokotwa kwenye mahame ya kijiji inasema kingine, na kumi zikiwa ndani ya chungu kimoja zinasema mtu alikimbia akitegemea kurudi. Kule Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 wachimbaji wa mambo ya kale walikuta sarafu za fedha zaidi ya 2,000 mahali pamoja, na historia nzima ya pwani ikabidi isomwe upya, kwa sababu zilikutwa zikiwa zimelala pale pale zilipoachwa.

Shule zetu zina walimu wa historia na watoto wenye bibi. Kila mtoto akiagizwa aulize nyumbani na aandike ukurasa mmoja, ndani ya muhula wilaya ina orodha. Sarafu zenyewe zibaki nyumbani kwa wenyewe. Atakayetaka kuitoa yake ikaonekane, yapo makumbusho ya Bujora kule Kisesa, karibu na Mwanza, yanayotunza urithi wa Wasukuma, na halmashauri yetu nayo haiwezi kufilisika kwa kabati moja la kioo.

Kuhusu wakusanyaji wa nje, siwachukii hata kidogo. Ukweli ni kwamba mengi niliyoyaandika hapa kuhusu miaka na herufi yanajulikana kwa sababu wao walikaa miaka na kioo cha kukuzia wakiandika. Ila katalogi yao haina safu ya jina la bibi. Haisemi rupia hii ililipiwa mzigo gani kutoka wapi mpaka wapi. Hiyo safu tunayo sisi, na inapungua kila msiba.

Mimi mwenyewe mkusanyo wangu ni wa kopo la maziwa: senti tano ya 1966 yenye samaki, senti hamsini yenye sungura, heller ishirini moja ya Tabora iliyochakaa, na heller kumi yenye tundu ya mwaka 1910 niliyopewa na mzee wa Runzewe. Aliniambia mama yake aliivaa shingoni kwa uzi wa katani, si kwa urembo, bali ili asiipoteze kabla mtoza kodi hajafika. Nimeandika hivyo kwenye daftari, na tarehe, na jina la kijiji. Gulio lijalo nitakaa pale karibu na wauza majembe na daftari langu na mzani wa kuazima. Mwenye sarafu aje nayo, nitampimia bure, nitamwambia ni ya mwaka gani na kama ni adimu, kisha nitamwomba aniambie ilikuwa ya nani.